Mwandishi Aliyekanyaga Mikeka kwa Viatu

Ndugu zangu, nawapa mfano. Ni wa kutunga, kwa hiyo mtu asije akapanda ndege kwenda Japani kumtafuta huyu mama.

Alikuwa mwandishi, na maisha yake yote aliwapigania watu wasio na kitu: wanaolala stesheni, vibarua waliofukuzwa kazi wakakosa na pa kulala. Aliandika vitabu, akazisumbua ofisi za serikali mpaka wakubwa wakimwona kwenye ngazi wanajifungia. Huko kwao mwandishi huitwa mwalimu, na wale wa stesheni walimwita hivyo kwa mapenzi.

Kila Jumapili ya majira ya baridi alifungua nyumba yake, akapika wali na mchuzi wa samaki, akaita watu waje kula. Walikuja wengi. Ila wapo ambao hawakuja hata theluji ilipojaa njiani. Mama aliumia, na kwa kuwa ni mwandishi, akawaandikia kitabu. Akaeleza vizuri sana kwamba maskini akizidiwa hukata tamaa, hata msaada akiletewa haoni maana yake. Kitabu kikasifiwa kila mahali. Ni nani aliyemuuliza maskini mwenyewe? Hakuna.

Jumapili moja baridi ilikuwa ya kuua mtu. Mama akamwona mzee mmoja amesimama nje ya mlango, anatetemeka, harufu ya mchuzi inampiga usoni. Akamkaribisha ndani.

"Ahsante mwalimu, nimeshakula," mzee akasema, na tumbo lake likamsuta papo hapo.

Lazima niwaeleze kitu. Kwa Wajapani nyumbani huingii na viatu. Unavua mlangoni kama sisi hapa msikitini, na ndani kuna mikeka inayotunzwa kama nguo za Idi. Tena mwenye nyumba huinama akavipanga viatu vya wageni, vikatazama nje. Basi mama alikuwa ameinama anavipanga, macho yake yakaangukia miguu ya mzee. Kiatu kimoja kimefungwa kwa kamba. Cha pili kidole kinachungulia, na badala ya soksi amejiviringishia mifuko ya plastiki.

Mama akamuuliza kwa sauti ya chini kama kinachomzuia ni viatu.

"Mwalimu, njaa naiweza," akasema. "Kuvua hivi mbele za watu ndiyo siwezi. Miguu yangu inanuka."

Mnadhani mama alifanya nini? Alimwambia Mungu haangalii miguu? Angekuwa mmoja wetu, mawaidha yangeanza pale pale. Yeye alivaa viatu vyake vya theluji, na tope lake, akapanda navyo juu ya mikeka mbele ya wageni wote. Watu wakaacha kula. Shoga yake aliyekuwa akipakua akashika kichwa, akamuuliza kama amerukwa na akili.

"Mikeka itafutwa," mama akajibu. "Leo kila mtu avae viatu vyake."

Wakavaa. Mzee akaingia, akakaa karibu na jiko, akala, akaongezwa, akala tena mpaka uso ukapata uhai. Jumapili iliyofuata alikuja na wenzake, wale wale walioandikwa kwamba wamekata tamaa. Mama akacheka peke yake jikoni, akacheka kwa raha. Kitabu kizima, na hakuna ukurasa hata mmoja uliotaja viatu!

Sasa msinielewe vibaya mkanishtaki kwa masheikh. Hapa viatu tunavua na tutaendelea kuvua. Lakini yuko mtu mtaani kwetu hatumwoni Ijumaa, na sisi tumeshamwandikia kitabu chake barazani: mvivu, dini imemshinda, dunia imemteka. Tunakisoma kila siku, na kahawa juu. Nani kati yetu amekwenda kwake akamuuliza?

Tukitoka hapa, kila mmoja ampitie mtu wake. Usimhubirie, nakuomba. Muulize, kisha funga mdomo usikie. Na akikuambia kwamba kanzu yake ni moja na imechanika begani, akisimama safu moja na wewe anaona haya, usikimbilie kumpa pole. Wewe ndugu yangu unayenukia udi, Ijumaa ijayo vaa ile kanzu yako kuukuu, mpitie, mje pamoja.