Safari ya Jabali na Hariri

Misimu miwili mfululizo mvua ililipita Bonde la Kiwele bila kuligusa. Visima vilikauka, majani yakawa makapi, na watoto wa swala wakaanza kulala mchana kutwa kwa udhaifu. Maji yalibaki mahali pamoja tu, kwenye chemchemi iliyo ng'ambo ya korongo, alikoishi mama yake Simba. Kuyafikisha bondeni ndiko kulikokuwa taabu.

Bahati nzuri, binadamu waliokuwa wakijenga barabara karibu na hapo walihama ghafla. Waliacha lami nusu njia, mapipa matupu, mafuta kidogo na magari mawili. Moja lilikuwa refu na zito, limejengwa juu ya chasisi ya lori. Wanyama wakaliita Jabali. La pili lilikuwa jeupe, la kifahari, limekaa chini chini kama paka anayenyemelea, wakaliita Hariri. Mafuta yasingetosha kuyaendesha yote kwa muda mrefu, kwa hiyo Simba akataka yajaribiwe kwanza, ndipo achague.

Kazi hiyo alipewa Sungura, aliyejifunza udereva kwa kuwachungulia wajenzi, na Fisi, aliyejitolea kabla hajaombwa. Fisi akaomba aanze na Hariri, aende nalo mpaka chemchemini na kurudi. Simba akampa kikapu cha nyama kavu ampelekee mama yake, ambaye wote walimwita Bibi, meno yake yalikuwa yamepungua na kuwinda hawezi tena.

Fisi alirudi jioni akiwa mtulivu kupita kawaida yake. Alieleza kwamba njia ni nzuri mwanzo hadi mwisho, kwamba Bibi amekula akashiba na anamsalimu mwanawe, na kwamba Hariri lilivuka korongo kana kwamba korongo halipo. Sungura alimsikiliza huku akilizunguka gari. Tairi zilikuwa safi, na ubavuni hapakuwa na hata chembe ya vumbi. Akashuku, lakini akanyamaza. Alimjua Simba: hakupenda kuambiwa mbele za watu kwamba amedanganywa.

Asubuhi yake Sungura akayaendesha magari yote mawili kwenye lami. Hariri lilimfurahisha hadi akaimba. Usukani uliitika kwa kuguswa tu, kona lilizikata bila kuyumba, na ndani palikuwa kimya hata akasikia masikio yake yakisuguana. Jabali lilimtesa. Usukani wake ulitaka kuzungushwa na kuzungushwa, kwenye kona lililalia upande kama mlevi, akikanyaga breki linainamisha pua, na kila ufa wa lami ulimpiga kiunoni. Sungura alikiri wazi kwamba kwenye lami Hariri ni bora. Kilichomkera ni kwamba lami yenyewe iliishia kabla ya korongo.

Simba hakungoja maelezo zaidi. Aliketi ndani ya Hariri, akajitazama kwenye kioo, akapanga manyoya ya shingoni, na shauri likaisha. Akatangaza kwamba atakwenda chemchemini mwenyewe, Fisi akimwendesha. Fisi akasema jua ni kali, labda Mheshimiwa apumzike. Simba akajibu kwamba ndani mna ubaridi wa kutosha.

Sungura akaona kubisha hakutafaa. Akasogea, akainama kwa adabu.

"Umechagua vizuri, Mheshimiwa," alisema. "Ila sijaona mkubwa akisafiri na gari moja."

"Akisafiri nalo, watasema nini?"

"Watadhani ni swala fulani anakwenda kuwasalimia wakwe zake."

Papo hapo Simba akaamuru Jabali lifuate nyuma, na mapipa yote yapakiwe humo.

Kwenye lami Hariri lilitangulia mbali, na Simba akasinzia. Aliamshwa na kishindo. Lami ilikuwa imekwisha, Fisi ameshuka korongoni kwa pupa, na sasa tumbo la Hariri lilikuwa limekaa juu ya jiwe huku magurudumu yakichimba mchanga.

"Jana ulipita wapi?" Simba aliuliza.

"Hapa hapa, Mheshimiwa. Nadhani jiwe hili limeota usiku."

Simba akashuka kutafuta koleo nyuma ya gari. Fisi akamwahi, akadai buti limeharibika, halifunguki. Simba akalifungua kwa ukucha mmoja. Kikapu cha nyama kilikuwa humo, nusu imeliwa, nusu imefunikwa kwa gunia.

"Sasa mama yangu jana alikula nini?" aliuliza, safari hii kwa sauti ya chini.

Fisi akatazama miguu yake.

Ndipo Jabali likatokea. Sungura alitia gia ya kuvuta magurudumu yote manne, akaliachia lishuke taratibu. Kule kuyumba kulikomchosha kwenye lami ndiko kulikomsaidia sasa: gurudumu moja lilipanda jiwe, jingine likazama shimoni, kila moja likatafuta pake pa kushika. Akafunga kamba, akalivuta Hariri hadi kwenye lami. Simba akapanda Jabali. Njiani aligonga kichwa darini mara kwa mara, naye akajifanya hajaumia.

Bibi walimkuta amejilaza kivulini kwa njaa. Alikula ile nusu ya nyama iliyosalia, akacheka, akasema kwa taabu kwamba mlio wa lile gari ulimfikia kabla ya harufu ya nyama. Jioni ile mapipa yalifika bondeni, na watoto wa swala wakanywa hadi matumbo yakawa kama ngoma.

Kesho yake Simba alitoa amri kana kwamba aliiwaza siku nyingi: Jabali litoe maji chemchemini hadi mwanzo wa lami, Hariri liyapokee hapo na kuyafikisha bondeni haraka, Sungura awe mkuu wa magari yote. Fisi akapewa kikapu. Kila asubuhi alimpelekea Bibi nyama kwa miguu, na Bibi alimnusa mdomo kabla ya kukipokea.

Hata leo, mgeni akitaka kujua njia ya kwenda chemchemini, huelekezwa kwa Fisi. Hukuna kichwa, akaitaja njia yote jiwe kwa jiwe, wala haongezi wala hapunguzi.