Jinsi Fisi Alivyozidishiwa Makande

Kikao Maalumu cha Kamati Ndogo ya Uratibu wa Upakuaji wa Makande, Chuo cha Bondeni. Hilo ndilo jina la jambo lenyewe, kwa urefu wake wote. Sasa tuanze.

Mmekaa?
— Tumekaa!
Niseme au ninyamaze?
— Sema tusikie!
Na nikidanganya?
— Danganya vizuri!

Basi. Zamani hizo wanyama walipokuwa na vyuo, na vyuo vilipokuwa na kamati, kila mwanafunzi wa Bondeni alilazimika kusoma hesabu. Unasoma ngoma? Hesabu. Unasoma mapishi? Hesabu. Pimbi alikuwa anasoma ushairi; naye, hesabu. Somo lilipewa jina la kuwatuliza: Hisabati kwa Wasiohitaji Hisabati. Mwalimu wake alikuwa Korongo, aliyefundisha akiwa amesimama kwa mguu mmoja.

Fisi naye alisoma hapo, mambo ya uongozi. Darasani alilala, mezani alikuwa macho. Kwa kuwa ndiye kiranja wa bwalo, kamati ilimtengea fungu la ndoo nzima ya makande. Pimbi, mdogo kuliko wote, alisukumwa mpaka mwisho wa foleni. Alipofika, Mama Tembo mpishi alikuwa tayari anakwangua sufuria, kwaru, kwaru, kwaru, ampe punje zilizoungua.

Asubuhi moja Korongo akasema, "Leo tunazidisha kwa sehemu. Kumi ukiizidisha kwa nusu, unapata tano."

Darasa likaguna.

"Mwalimu," akauliza Pimbi, "kuzidisha si kufanya kitu kizidi?"

"Mtaani, ndiyo. Humu ndani, inategemea unazidisha kwa nini."

Fisi akakoroma, khorooo, khorooo.

Hesabu yenyewe Pimbi hakuielewa vizuri. Lile neno, hata hivyo, alilielewa sana.

Mchana Fisi akaitisha kikao cha kamati mbele ya wanafunzi wote. Mwenyekiti alikuwa Kobe, aliyepata cheo hicho kwa sababu siku ya uchaguzi wenzake wote waliwahi kutoka ukumbini.

"Ndoo hainitoshi," akasema Fisi. "Fungu langu liongezwe nusu. Nani anapinga?"

Akaonyesha meno. Yalikuwa mengi, na hakuna aliyepinga. Pimbi akaona maji yamemfika shingoni: nusu ile ikiongezwa, sufuria itakwisha kabla hajaikaribia, na hata zile za kuungua hatazipata. Akanyoosha mkono.

"Mimi napinga neno moja tu, Bwana Mkubwa. Kuongezwa! Anaongezwa mtoto, anaongezwa mgeni. Mtu wa hadhi yako huzidishiwa."

Fisi akasugua kidevu. "Huzidishiwa, eeh?"

"Lisikilize lilivyo refu."

"Kweli, ni refu. Basi lizidishwe! Lizidishwe kwa nusu!"

"Kwa maana ya mtaani," akauliza Kobe polepole, "au ya darasani?"

"Ya darasani! Kwani mimi si msomi?"

Ikapita bila kupingwa.

Jioni Fisi akatua ndoo yake mbele ya Mama Tembo, na sinia pembeni kwa ajili ya ziada. Mama Tembo akapakua, pwaa, pwaa, pwaa. Ndoo ilipofika nusu, akaacha.

"Mama, hujazidisha."

"Nimezidisha, baba. Kwa nusu, kwa maana ya darasani, kama mlivyopitisha kikaoni."

"Zidisha tena!"

Mama Tembo akachota ndooni, akarudisha sufuriani, chubwi. Ikabaki robo.

"Mbona umepunguza?"

"Nimezidisha, baba."

"Zidisha tena!"

Chubwi.

"Mzidishie, mama, mzidishie!" akadakia Nguchiro kwenye foleni. "Mkubwa huyo, usimbanie!"

"Zidisha tena!" Chubwi. "Zidisha tena!" Chubwi. Fisi aliamini, kama wenye vyeo wengi, kwamba amri isipofanya kazi dawa yake ni kuirudia kwa sauti. Mwishowe ndooni zikabaki punje chache za mahindi na haragwe moja lenye haya.

Korongo akawa anapita na sahani yake.

"Mwalimu!" Fisi akalia. "Hivi mtu akizidishiwa si apate zaidi?"

"Nilipofundisha hilo ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo darasani!"

"Ni kweli," akasema Korongo. "Nilikusikia."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Fisi akamtazama Pimbi, akautazama mwiko wa Mama Tembo, akamtazama na mwenye mwiko, akaona heri akalile haragwe lake.

Funzo lake, wakubwa kwa wadogo, ni hili: msijisumbue na hesabu. Haina matumizi yoyote. Mshairi ataifanyia nini? Na kiongozi ndiye haimhusu kabisa. Laleni darasani, mfikirie chakula.

Hadithi naifungulia mlango.
— Iende salama!
Mwenye malalamiko?
— Akamwone Kobe, aitishe kikao!

Kilichotokea hasa ni kwamba siku hiyo Pimbi alikula makande, akashiba.