Mtungi wa Minza na Mikono Mikavu

Kabla mitungi haijawa na mikwaruzo shingoni, ilikuwa laini mwili mzima, na wafinyanzi walishindania ulaini huo. Siku ya kuchagua, wazee walikaa kivulini wakaipapasa mmoja mmoja kwa mikono mikavu. Ulioteleza zaidi vidoleni ndio ulioitwa bora, nao ndio uliochotewa maji ya tambiko la mvua. Hakuna aliyeona kasoro katika utaratibu huo. Wazee wenyewe hawakuwa watu wa kwenda kisimani.

Minza, mfinyanzi, alikuwa ameitamani heshima hiyo miaka mingi. Mwaka wa ukame alifinyanga mitungi miwili iliyofanana, akaisugua kwa kokoto ya mtoni mpaka ikang'aa. Alipoosha mmoja ulimponyoka, akaudaka magotini. Alishtuka, lakini hakumwambia mtu. Wazee walipoupapasa waliguna kwa raha, wakasema haujapata kutokea mtungi kama ule. Minza alirudi nyumbani akitembea kama mwenye nchi.

Aliyeteuliwa kuubeba ni Holo, mke wa kaka yake. Kisima kilikuwa kimebaki na maji ya kujaza mtungi mmoja tu kwa siku. Holo aliyachota, akajitwisha, akafika salama mbele ya wazee. Alipokuwa akiutua kwa mikono iliyolowa, mtungi ulimponyoka ukavunjika. Vumbi liliyanywa maji yote.

Wazee walisema mikono ya Holo ina nuksi, arudishwe kwao siku ile ile, watoto wabaki. Holo alichutama akaanza kuokota vigae.

Minza aliona aibu iliyomchoma moyo. Akinyamaza, jina lake litabaki, lakini wifi yake ataondoka. Alikwenda nyumbani akaleta mtungi wa pili, na kibuyu cha maji ya kunywa ya wanawe.

"Baba zangu, naweni kwanza," alisema, "kisha mnyanyue huu."

Mzee Shija, mkubwa wao, alinawa huku akicheka. Aliunyanyua, ukamtoka, ukapasuka miguuni pake. Hakucheka tena.

"Ulijua?"

"Nilijua, baba. Uliovunjika ulinitoka siku nilipouosha. Nilitaka mnisifu."

Holo aliinua kichwa, akamtazama wifi yake.

Basi Holo hakurudishwa kwao, na Minza akavuliwa heshima yake. Mtungi uliofuata, kabla hajauchoma, aliuzungushia gunzi la mahindi shingoni mpaka udongo ukaparuzika pote. Wazee walisema ameuharibu. Holo, ambaye tangu siku ile alikuwa hajamsemesha, alikuja akalowesha mikono, akaunyanyua ukiwa umejaa mpaka mdomoni, akautua bila kumwaga.

"Huu ndio mtungi, wifi," alisema.

Kama mvua ilinyesha mwaka ule, waliotusimulia hawakusema.

Na tangu siku hiyo mitungi huvaa mikwaruzo shingoni, na hakuna fundi anayepokea sifa za mikono mikavu. Ukisimama mbele ya mtungi wake ukaanza kuusifu, hatakushukuru. Atakusogezea kata ya maji, unawe, kisha atakungoja uunyanyue.