Mwenyekiti wa Tanuri

Mwenyezi Mungu anisamehe. Mwaka mmoja nilimwambia bwana shamba kuwa nimepanda ekari nne, kumbe ni moja. Nikapigiwa makofi, nami nikayapokea. Nilipokwisha kutubu ndipo nikasimuliwa habari za Swala, nawe nakupa kama nilivyopewa.

Ukame ulipoingia mwaka wa tatu, Mfalme Simba alitangaza Mpango: kila kijiji kijenge tanuri, kiyeyushe mawe ya chuma na kutoa vipande mia, kiwanda kivigeuze majembe mapya, njaa iishe. Kijijini kwa Swala, Fisi akateuliwa mwenyekiti wa tanuri. Kwa kila kipande kilichozidi mia, mwenyekiti alipata paja la nyama.

Mawe ya chuma yaliisha kwenye kipande cha arobaini. Fisi akaanza kupita nyumba kwa nyumba.

Swala alikuwa na watoto watatu na jembe moja. Mawingu yalikwisha kuanza kujikusanya milimani.

"Shemeji, lete jembe," Fisi alisema.

"Nitalimia nini?"

"Jembe jipya. Litatokana na chuma."

"Na chuma kitatokana na nini?"

"Na jembe lako. Mpango ni mwepesi, shemeji, wewe tu unaufanya mgumu."

Akaondoka nalo. Swala akabaki na mpini.

Vipande vikafika mia na thelathini, na Fisi akanenepa shingo. Simba alikuja kukagua siku ile ile mvua ya kwanza iliponyesha. Swala alisimama kando akiutazama udongo uliolainika. Mbegu zisipoingia wiki hiyo, wanawe hawali mwaka mzima.

Sungura akajitokeza kwenye umati, akainama. "Mtukufu, chuma kingi hivi! Mwenyekiti apewe heshima ya kufungua msimu kwa chuma chake mwenyewe."

"Apewe," Simba akasema.

"Hakijawa jembe bado, Mtukufu," Fisi akasema.

"Kiwanda kiko wapi?"

"Kiko kwenye Mpango wa mwaka ujao."

"Basi lima hivyo hivyo."

Fisi akainua kipande, akapiga ardhi. Kikavunjika kama andazi la juzi. Cha pili vilevile. Na cha kumi.

Simba akafikiri. "Mpango haukukosea," akasema. "Kilichokosea ni chuma, nacho kina mwenyekiti."

Mapaja yakakoma siku hiyo. Fisi akaamriwa alime shamba la Swala kwa kucha zake, kisha la kila aliyemnyang'anya jembe. Hadi jua linazama alikuwa na tuta moja, tena limepinda.

Nakuomba, ndugu msikilizaji: kama kwako kuna jembe la ziada, mpelekee Swala leo.