Mlingoti wa Bwana Inosenti

Wapo watu ambao kitu kikiwa kirefu, kwao tayari ni bora. Hawaulizi kinafanya kazi gani. Bwana Inosenti alikuwa mmoja wao, ingawa tusimwonee, maana alikuwa kijana mchapakazi na mwenye roho nzuri. Mwaka 1983 alipopelekwa kuwa bwana mifugo katika kituo kidogo juu ya kingo za Ngorongoro, kitu cha kwanza kilichomkera ni antena ya redio ya upepo. Ilikuwa waya mwembamba uliotandazwa baina ya miti miwili, chini kiasi kwamba mtu mrefu angeugusa kwa fimbo.

"Dada Marsela, hii ni antena au kamba ya kuanikia nguo?" aliuliza huku akicheka.

Marsela, mwendesha redio, mzaliwa wa Rhotia, alikuwa na jibu. Alifundishwa Arusha kwamba waya uliolala hurusha sauti juu angani, nayo ikarudi chini ng'ambo ya milima kama mvua. Mlingoti uliosimama huipeleka sauti ikilalia ardhi, na hapo kituoni milima ilikuwa imekaa katikati, baina yao na kituo kikuu cha Wasso. Lakini alikuwa mtu wa haya, na Inosenti alikuwa mkubwa wake wa kazi. Akameza maneno yake.

Basi likasimamishwa bomba la chuma, refu kuliko msalaba wa kanisa. Vikombe vya kauri vilivyoushika ule waya mitini vilivunjika wakati wa kuuteremsha, na waya wenyewe ukafungwa baina ya jiko na stoo, ukawa kweli kamba ya nguo. Kiangazi chote Wasso walisikika kwa shida, kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Inosenti alisema redio imezeeka.

Masika yakaingia. Siku ya tatu ya mvua, saa moja asubuhi, mzee Tajewo alifika kutoka bomani kwake, matope hadi magotini.

"Chambavu imeingia," alisema bila hata kukaa. "Jana wamekufa ndama wawili, leo watatu. Paja linavimba, ukilibonyeza linalia kama karatasi. Wamebaki arobaini, na watoto wangu wanaishi kwa hao."

Inosenti alibadilika uso. Chanjo ilikuwa Wasso, na gari la chanjo lingeondoka huko saa tatu kamili kwenda Engaresero, likae wiki mbili. Likiondoka, boma la Tajewo lingebaki na kwato tu.

Marsela akawasha redio. "Wasso, Wasso, hapa Kituo cha Kingoni, mnanipata? Ova." Hakuna. Ulisikika mchachato tu, kama vitunguu kwenye mafuta ya moto. Mvua ilikuwa imepenya kwenye kiungo cha juu ya bomba, maji yakaingia ndani ya kebo. Inosenti alinyakua kipaza sauti, akapiga kelele hadi mishipa ya shingo ikamtoka.

"Lakini mlingoti ni mrefu!" alilalamika, utadhani Wasso walipaswa kuona aibu.

Marsela alimtazama Tajewo aliyesimama mlangoni. Roho ikamuuma. Alijua kwamba ukimya wake wa siku ile ndio uliowafikisha hapo.

"Bwana Inosenti," alisema, na sauti yake ikamshangaza hata yeye, "toa suruali zako kwenye antena yangu."

Ikawa mbio. Waliliteremsha bomba, Marsela akakata kipande cha kebo kilicholowa na kubakiza kikavu, akakiunga katikati ya waya na kukifunga kwa mpira. Inosenti akapanda mti, mvua ikimpiga mgongoni.

"Usiufunge hivyo!" Marsela alimpigia kelele. "Waya ukigusa mti uliolowa, sauti itateremka na maji. Tunahitaji kitu cha kuutenga."

Tajewo aliinama, akavua katambuga zake. "Hii ni mpira wa tairi. Itafaa?"

"Itafaa sana, mzee wangu!"

Zikakatwa kwa sime, zikatobolewa, kipande kimoja kila upande. Zilibaki dakika nne kufika saa tatu Marsela aliposhika tena kipaza sauti.

"Wasso, Wasso, hapa Kituo cha Kingoni. Zuieni gari la chanjo! Ova."

Kimya. Kisha sauti ikaja, safi kabisa: "Kingoni, nakupata kama umesimama hapa dirishani! Dereva ameshawasha gari, namkimbilia. Ova."

Marsela alicheka na kulia kwa pamoja. Tajewo alicheza pekupeku kwenye matope, na Inosenti akajaribu kuruka naye, akaanguka.

Gari lilifika kesho yake jioni. Ndama wawili waliokuwa wameshaugua walikufa. Wote waliobaki walichanjwa, nao wakapona. Wakati wa kuagana, Tajewo alilitazama bomba lililolala kwenye nyasi.

"Bwana Mifugo, na hili lidude lilikuwa la kazi gani?"

Inosenti alijikuna kichwa. "La kunifundisha kumuuliza Dada Marsela kwanza, mzee."

Naam, waliosema hawakukosea: ukubwa wa pua si wingi wa kamasi.