Kaa la Moto la Bi Nungu

Hapo zamani za kale, watoto wangu, kabla kiberiti hakijajulikana, wanyama waliazimana moto. Ukizimikiwa unachukua kigae, unakwenda kwa jirani: "Hodi! Naomba kaa." Kunyimana moto ilikuwa aibu kubwa.

Basi ukaingia ugonjwa wa kuhara. Mganga Kobe akapita mlango kwa mlango. "Maji ya mto chemsheni! Mikono naweni kwa jivu! Na aliyepona mpokeeni, hana kosa."

Wa kwanza kuugua alikuwa Bi Nungu, mjane mwenye mtoto mmoja, Kamwiba. Alilala siku tatu, akapona. Lakini moto ulikuwa umezimika, na maji yaliyochemshwa yamekwisha mtungini.

Akachukua kigae, huyoo, mpaka kwa Bwana Tembo.

"Hodi!"

"Simama hapo hapo!" Tembo akafoka, masikio pwata! pwata! "Usinikanyagie ua!"

"Jirani, nimepona. Naomba kaa moja tu, nimchemshie mtoto maji."

"Utuletee balaa? Toka!"

Kwa Bwana Nyati mlango ukafungwa, ba! Mwili mkubwa vile, woga tele! Kwa Digidigi, yule mdogo mwenye mbio na maneno, hakuitika mtu. Na alikuwemo! Alijibanza nyuma ya mlango, kimya.

Jua lilikuwa kali. Kamwiba, aliyekuwa mzima kabisa, akashikwa na kiu, akanywa maji ya mto. Akahara, na siku ya tatu hakuamka. Bi Nungu akamzika peke yake.

Digidigi aliposikia, alilia. Akatia kaa kwenye kigae, akampelekea.

"Dada, nimechelewa."

Bi Nungu akapokea, akawasha jiko lake.

Kesho yake, wakubwa walipokwenda shamba, Digidigi akabeba kibuyu cha maji. Jikoni kwa Tembo, chwaa! Kwa Nyati, chwaa! Nyumba zote, hata kwake mwenyewe, chwaa! Kijiji kizima kikabaki na moshi mmoja.

Adhuhuri Tembo akarudi. Lo! Mwanawe anahara, macho yameingia ndani, na jiko ni la baridi.

"Mama yangu! Nani kazima moto?"

Mbio kwa Nyati, hakuna. Mbio kwa Digidigi, hakuna.

"Digidigi, ndugu yangu, nitapata wapi moto?"

"Si ule moshi? Kwa Bi Nungu."

Tembo akaokota kigae. "Nitamtazamaje?"

"Sijui. Mimi mwenyewe nilishindwa."

Tembo akaenda, kigae mkongani. "Hodi, Bi Nungu. Naomba kaa."

Bi Nungu akamtazama sana. "Wangu naye alitaka maji tu."

"Nisamehe, jirani."

"Shika. Maji yatokote sawasawa, umnyweshe kidogo kidogo. Na unawe kwa jivu kila ukimsafisha. Haya, kimbia!"

Mtoto wa Tembo akapona. Wala Tembo hakuugua kwa kufika pale, wala Nyati aliyekuja nyuma yake na kigae chake.

Hila ilifaulu, watoto wangu. Siku nyingine Digidigi angecheka mpaka mbavu zimuume. Siku ile alikwenda kukaa kando ya kaburi dogo.

"Moto wenu niliuzima mimi," akawaambia wenzake waliomfuata pale. "Lakini kaa la Kamwiba lilikuwepo jikoni kwangu tangu siku ya kwanza."



Ukimbieni ugonjwa, wanangu, msimkimbie mgonjwa.