Jibini ya Bi Nyamizi na Mgeni Asiyepepesa Macho

Hapo zamani za kale, wakati wanyama wangali wakitwanga na kupika na kupigiana hodi kama sisi, kulikuwa na pimbi mmoja. Sogeeni. Aliye karibu na mlango ausindike kwanza, ndipo niendelee.

Pimbi huyo aliitwa Bi Nyamizi. Alikuwa mjane, mdogo wa mwili, mwepesi wa ulimi, na alikaa na bintiye Kabula ndani ya ufa wa jabali. Mlango wa ufa ule ulikuwa mwembamba na umeinamia nje. Kutoka, mtu aliteleza tu, lakini kuingia alijikunja na kujivuta.

Siku hiyo walikuwa wamemaliza sherehe ya kumpa Kabula jina, maana kwa pimbi mtoto hupewa jina akishajua kusema. Jirani yao Nyati alileta maziwa mengi, wakagandisha jibini. Wageni walikula wakaondoka, na chunguni likabaki bonge kubwa, jeupe, lenye chumvi, la kumeguka-meguka.

Adhuhuri, ndege wakanyamaza. Wote, kwa mara moja! Kabula akasema, "Mama, mbona kimya hivi?"

"Hodi," ikasema sauti laini mlangoni.

Kabla hajajibiwa, kichwa kikaingia. Kisha mabega. Kisha mwili mrefu, mkavu, mbavu nje nje. Alikuwa Chui, na njaa ilikuwa imemkondesha hata akapita pale asipopita chui yeyote. Akajilaza kizingitini, akaziba njia. Akamtazama Kabula bila kupepesa macho.

"Hongera kwa mtoto," akasema. "Kanono."

Mkono wa Bi Nyamizi ulikuwa umeshaingia chunguni. Akamega kipande cha jibini, akakitia mdomoni mwa Chui. "Karibu mgeni, onja!"

Chui akameza kabla hajafikiri. Njaa ndiyo iliyomponza! Kwa maana majabalini kulikuwa na mwiko ambao hata wakubwa waliuogopa: mgeni akishaonja chakula cha nyumba, hawezi kumgusa mwenye nyumba wala watoto wake mpaka chakula kile kile kiishe. Akiwagusa, meno yake yote yanamwagika chini.

Chui akajilamba taratibu. "Ala! Umeniwahi, Bi Nyamizi. Basi lete jibini yote niimalize sasa hivi."

"Mgeni hajipakulii, Bwana Chui. Hula anachoandaliwa. Na hii si ya kula tupu, ni ya kutia kwenye chakula."

"Vyema," akasema Chui. "Nitangoja. Ikiisha, nitaanza na mtoto."

Kucha zake zikakwaruza jiwe. Kwaruu. Kwaruu.

Bi Nyamizi akawasha moto. Akachemsha maharage sufuria nzima, akakaanga kitunguu, na mwishoni akanyunyiza jibini, chembe tu za kuonja. Harufu ikajaa pango. Akasonga ugali mkubwa kuliko yeye mwenyewe, akamwekea mgeni. Chui akala, akafuta sinia kwa ulimi.

"Imeisha?" akauliza.

"Bado, Bwana Chui."

Jioni ikawa mchicha na jibini. Kesho yake, viazi vitamu vilivyopondwa na jibini. Halafu boga, halafu wali, halafu kunde. Kila mara chakula kilikuwa mlima, na jibini ilikuwa umande juu yake. Kabula hakula vizuri. Alijificha nyuma ya kihenge cha nafaka, na mama yake alikuwa akilia kimya kimya huku anakoroga.

Kwaruu. Kwaruu. "Imeisha?"

"Bado, Bwana Chui."

Asubuhi moja Bi Nyamizi alikuwa anapepeta nafaka akasikia, "Mama, njoo hapa nilipo."

Akageuka. Kabula alikuwa nyuma ya kihenge, usingizi umemchukua, mdomo umefumbwa.

"Mama," ikasema tena sauti ya Kabula, kutoka kizingitini. Chui alikuwa anatabasamu. "Ninajifunza tu. Nyumba itakuwa kimya sana akishaondoka. Nitakuwa nikikuitikia."

Ungo ukamponyoka Bi Nyamizi, papatu! Akauokota, akaendelea kupepeta, maana hakuwa na la kufanya isipokuwa kupika.

Lakini chungu hakina huruma. Siku ikafika, akakwangua chembe za mwisho, akazitia kwenye dengu, akaziandaa mbele ya Chui. Chui akala. Akalamba sinia, akalamba mwiko, akachungulia chunguni. Cheupe hakuna.

"Imeisha," akasema kwa sauti ya Kabula. Akainuka.

Kabula akapiga kelele. Bi Nyamizi akasimama katikati, mdogo, mwiko mkononi.

"Haya, mguse! Lakini mwenye meno ni wewe. Jibini haijaisha. Imo tumboni mwako, na tumbo lako limo nyumbani mwangu."

Chui akasita. Akasukuma jino moja kwa ulimi. Likacheza.

"Unanidanganya," akasema, lakini alirudi nyuma.

"Labda. Nenda kichakani ukajisaidie, kisha urudi umalize kazi yako. Sisi tutakimbilia wapi? Utakuwa hapo hapo nje."

Chui akafikiri, akaona ni kweli. Akageuka, akajisukuma mlangoni. Tumbo likasuguana na jiwe, likateleza, na puuu! akaangukia nje.

Baadaye akarudi mbio, mwepesi wa haja lakini si wa mwili. Kichwa kikaingia. Mabega yakaingia. Tumbo likakataa! Akavuta, akanguruma, akakwaruza mpaka cheche zikaruka. Maharage, viazi, maboga na ugali wote ule, vyote vilikuwa vimekaa mbavuni mwake kwa starehe. Bi Nyamizi akampiga pua kwa mwiko. Pwa! Kichwa kikatoka. Akaviringisha jiwe mlangoni, akamkumbatia bintiye, na wote wawili wakalia kwa sauti.

Halafu, kupitia upenyo wa jiwe, ikaja sauti ya Kabula, laini kabisa:

"Mama? Imeisha?"

Kabula mwenyewe alikuwa kifuani mwake. Bi Nyamizi akajibu, "Bado, Bwana Chui. Bado."

Tangu siku hiyo pimbi hawamalizi jibini. Katika kila chungu hubakizwa chembe moja, na mchana kutwa mmoja wao hukaa juu ya jabali, akitazama nyasi.

Funzo ni hili: adui akishaingia ndani, usishindane naye nguvu, mpe cha kungojea, nawe utumie muda huo.

Hadithi yangu imefika kizingitini. Na wewe uliye karibu na mlango, ukisikia mtu anauliza huko nje kama imeisha, hata akiwa na sauti ya mama yako, sema bado.